Adrian Atiman wa Karema: mtoto aliyeuzwa anatusaidia kuwajibu wenye mashaka



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kinampanda, tukisaidiana kupiga alizeti uani kwa mama mdogo. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye sasa anasoma chuo, aliniuliza mbele ya wote kama kweli najua ninachokitafuta seminarini. Amebatizwa, amepokea Kipaimara, na kwa miaka kadhaa tulitumikia altareni pamoja. Sasa haendi tena Misa. Akanipa sababu zake tatu. Ya kwanza, Ukatoliki ni dini ya wazungu, na wazungu hao ndio waliotufanya watumwa. Ya pili, imani ni ya watu wasiojua sayansi. Siku hizi kuna hata wahubiri wanaowaambia wagonjwa watupe dawa. Ya tatu aliisema kwa sauti ya chini: kama Mungu yupo na ni mwema, alikuwa wapi watoto wa Afrika walipofungwa minyororo?

Nilimjibu kama mwanafunzi wa falsafa. Nilitaja sababu ya kwanza isiyosababishwa na kitu kingine, nikaeleza kwamba uovu ni upungufu wa wema, nikaongeza na hiari ya mwanadamu. Mama mdogo akaendelea kupepeta. Nilipomaliza, mdogo wangu alinitazama kwa huruma, akachukua fimbo yake, akarudi kwenye alizeti. Nilijua sijamjibu.

Baada ya hapo niliamua kumtafuta mtu ambaye maswali hayo aliyapitia maishani mwake. Nikampata Adrian Atiman, daktari na katekista wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Jina lake wengi tunalisikia: lipo kwenye nyumba ya Wamisionari wa Afrika jijini Dar es Salaam, na kwenye hospitali kule Sumbawanga. Maisha yake ndiyo hatuyajui.

Mtoto wa Tundurma

Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Angali mtoto mdogo alitekwa na wafanyabiashara wa utumwa, akapelekwa Timbuktu, akauzwa. Kutoka hapo alivushwa Jangwa la Sahara kuelekea kaskazini. Njia ile iliwaua wengi kwa kiu na uchovu. Yeye alifika Algeria akiwa hai.

Huko Algeria, katika miaka ya 1870, alikombolewa na wamisionari wa shirika lililoanzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers. Ndio Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Walilipa fedha, wakamchukua mtoto, wakampeleka shule. Mwaka 1882 alibatizwa. Alikuwa na miaka kama 16, kijana anayejua anachokubali.

Je, hiyo si dini ya wazungu waliotufanya watumwa? Ndugu msomaji, hapa ni lazima tuanze kwa kukiri. Katika karne ya 15, Papa Nikolasi wa Tano aliwapa wafalme wa Ureno ruhusa ya kuwateka na kuwatia utumwani watu wasio Wakristo. Wafanyabiashara Wakatoliki walisafirisha Waafrika kuvuka bahari, na hata baadhi ya nyumba za watawa zilimiliki watumwa. Mwaka 1992, Papa Yohane Paulo wa Pili alisimama kwenye kisiwa cha Gorée, Senegal, akaomba msamaha kwa ajili ya dhambi hiyo. Mwaka 2023 Vatikani ilizikataa rasmi hati zile za karne ya 15 kuwa hazikuonyesha ipasavyo usawa wa heshima na haki za watu wa asili. Mkatoliki anayekana mambo haya hamtetei Kristo. Anawafukuza vijana wanaosoma historia.

Lakini historia hiyohiyo ina upande wa pili. Mwaka 1839 Papa Gregori wa Kumi na Sita alipiga marufuku biashara ya watumwa kwa Wakatoliki wote. Mwaka 1888 Papa Leo wa Kumi na Tatu aliwaandikia maaskofu wa Brazili akilaani utumwa, na mwaka huohuo Lavigerie, ambaye sasa alikuwa kardinali, alizunguka Paris, London na Brussels akieleza yaliyokuwa yakitendeka Afrika na kudai yakomeshwe. Maana yake ni kwamba imani hii ina kipimo kinachoweza kuwahukumu hata wana wake wenyewe. Mkatoliki aliyemfunga mtu minyororo alilivunja fundisho kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Ni kwa fundisho hilo tunajua kwamba alitenda dhambi.

Na kuhusu dini ya wazungu, tukumbuke Atiman alifundishwa imani katika nchi gani. Algeria ndiyo nchi ya Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Kaskazini aliyekuwa askofu wa Hippo na kufariki mwaka 430. Wanafalsafa wa seminarini tunamsoma kila mwaka. Alipokuwa akihubiri, mataifa mengi ya Ulaya ya kaskazini yalikuwa bado hayajabatizwa. Waethiopia nao walipokea Ukristo katika karne ya 4. Wamisionari waliokuja kwetu katika karne ya 19 walileta kitu ambacho Afrika ilikuwa nacho tangu zamani.

Mdogo wangu angeweza kuniuliza zaidi: mtoto aliyenunuliwa angekataaje dini ya aliyemnunua? Ni swali la haki. Tena fedha ya ukombozi iliishia mfukoni mwa mwuza watumwa, na kununua mtoto mmoja mmoja kusingeweza kuumaliza utumwa. Kuhusu uhuru wa Atiman, tumwangalie alivyoishi alipokuwa mtu mzima, mbali na shule iliyomlea.

Daktari aliyetembea njia ya minyororo

Lavigerie alikuwa na wazo ambalo kwa wakati ule halikuwa la kawaida. Aliona kwamba Afrika itainjilishwa na Waafrika wenyewe, na kwamba baadhi yao wafundishwe udaktari. Mwaka 1881 alifungua chuo kisiwani Malta kwa ajili ya vijana waliokombolewa utumwani. Atiman alikuwa mmoja wao, akapata mafunzo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Malta.

Mwaka 1888 alisafiri na msafara wa wamisionari kuja kwetu. Njia kuu ya misafara wakati ule ilitoka pwani, ikapita Ugogo na pori la Mgunda Mkali, upande wa kusini wa huu mkoa wetu wa Singida, hadi Tabora. Ilikuwa pia njia ya watumwa. Kwa miaka mingi watu walishushwa kwa njia hiyo kutoka bara hadi pwani, shingo zao zikiwa kwenye kongwa. Atiman, aliyewahi kuuzwa, alikuwa akienda kinyume chao, kutoka pwani kwenda bara, akiwa huru na amebeba dawa.

Alifika Karema mwaka 1889. Pale palikuwa na ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885. Wakati ule mwambao wa ziwa ulikuwa bado unasumbuliwa na wateka watu, na wengi walikimbilia misioni kutafuta usalama. Atiman alikuwa na miaka ishirini na kitu. Alioa mwanamke wa huko, Agnes, wa ukoo wa kichifu wa Wabende. Akawatibu watu na kuwafundisha katekisimu. Hakuondoka tena. Alikaa Karema miaka 67, wakati wa Wajerumani na wakati wa Waingereza. Mwaka 1922, serikali ilipoufuta utumwa kisheria Tanganyika, yeye alikuwa palepale, bado anatibu.

Hapo ndipo ninapopata jibu la uhuru wake. Mtu mwenye ujuzi wa udaktari, anayejua Kifaransa, aliyeona Algiers na Malta, angeweza kutafuta maisha mazuri kwingine. Hakuna aliyemfunga Karema. Imani aliyopewa utotoni aliishi nayo uzeeni kwa hiari, na hiyo siyo tabia ya mtu aliyelazimishwa.

Na hapa pia tunaijibu hoja ya pili. Atiman hakuona ugomvi kati ya sindano na rozari. Kanisa linafundisha kwamba akili na imani vyote vimetoka kwa Mungu mmoja, kwa hiyo ukweli wa maabara hauwezi kuuua ukweli wa Injili. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatuagiza kumheshimu daktari na kutozidharau dawa, kwa kuwa zimetoka kwa Mungu, na papo hapo kinamtaka mgonjwa asali. Padre anayempaka mgonjwa mafuta matakatifu hamwambii aache vidonge vya daktari. Basi wanaparokia wapendwa, mtu akikwambia utupe dawa zako za presha, za kisukari au za kufubaza virusi ili uonyeshe kwamba una imani, ujue hilo silo fundisho la Kanisa Katoliki. Daktari wetu wa Karema angesikitika sana kulisikia.

Jambo jingine ni kwamba Atiman hakuwa padre. Alikuwa mlei, mume na baba wa familia. Wapo wanaosema Kanisa ni la mapadre na masista, sisi wengine tunachangia zaka tu. Katika sehemu nyingi za nchi yetu ni makatekista wenye wake na watoto waliosali na watu, waliofundisha watoto na kuzika wafu pale ambapo padre alifika mara moja kwa miezi kadhaa. Katika nyumba ya Atiman na Agnes alizaliwa Yosefu, ambaye mwaka 1923 alipewa daraja ya upadre, mmoja wa mapadre wa kwanza Waafrika wa upande ule. Mtoto wa mtu aliyeuzwa Timbuktu akaadhimisha Misa Karema.

Mungu alikuwa wapi?

Atiman alifariki mwaka 1956 akikaribia miaka 90. Katika uzee wake aliandika mwenyewe habari za maisha yake, na kwa sababu hiyo leo tunaweza kuyasimulia. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, nami simtangazi hapa.

Inabaki hoja ya tatu, ile iliyosemwa kwa sauti ya chini. Nimeifikiria kwa miezi. Kwanza, kuna jibu ambalo hatupaswi kulitoa kamwe, ingawa nimelisikia likihubiriwa. Nalo ni kusema kwamba Mungu alipanga Atiman atekwe ili apate ubatizo na udaktari. Tukisema hivyo tunamfanya Mungu kuwa mshirika wa mwuza watumwa. Na tutamwambia nini mama wa Tundurma aliyempoteza mtoto? Tutasema nini juu ya watoto waliokufa jangwani, ambao hakuna aliyewakomboa wala kuwapeleka shule? Utekaji ule ulikuwa dhambi, na Mungu hakuutaka.

Imani yetu inasema jambo jingine. Inasema Mungu ana uwezo wa kuingia ndani ya ubaya asioutenda na kutoa humo wema ambao watenda mabaya hawakuutarajia. Katika kitabu cha Mwanzo, Yosefu aliuzwa na ndugu zake akapelekwa Misri, na mwishoni ndiye aliyewapa chakula haohao waliomwuza. Maandiko hayasifu kile walichokifanya ndugu zake. Na sisi Wakristo tunaamini zaidi ya hapo: Mungu mwenyewe, katika Kristo, aliuzwa kwa vipande vya fedha, akafungwa, akapigwa. Kwa hiyo ukiniuliza alikuwa wapi mtoto yule alipofungwa, sina jibu la hesabu. Naamini alikuwa upande wa aliyefungwa.

Kwa kusema hivyo sijathibitisha kitu kama anavyothibitisha mwanahesabu. Lakini naona kwamba Atiman, ambaye alikuwa na haki kuliko mdogo wangu na mimi ya kuuliza swali hilo, alitumia miaka 67 akifunga vidonda vya wengine, na hakuacha kusali. Anayesema kwamba mateso ya Waafrika yanathibitisha kuwa Mungu hayupo, inambidi aeleze pia kwa nini wengi wa walioteseka wenyewe hawakufikia uamuzi huo.

Wapendwa, katika jumuiya zetu ndogondogo wapo vijana kama mdogo wangu. Tusiwaite waasi. Mara nyingi wanauliza kwa sababu jambo limewauma. Tukubali yaliyo kweli katika hoja zao, hata yanayotuaibisha. Tujifunze historia ya Kanisa letu, tukianza na makatekista wa parokia zetu ambao majina yao yanasahaulika. Na pale ambapo hatuna jibu, tuseme hatuna, kisha tusali pamoja nao kama watakubali.

Siku ya mwisho ya likizo nilimpigia mdogo wangu hodi nikamsimulia kidogo niliyokuwa nimeanza kuyasoma juu ya Atiman. Alisikiliza hadi mwisho. Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani. Mama mdogo aliniambia kwa simu. Lakini juzi alinitumia ujumbe akiuliza Karema iko mbali kiasi gani kutoka Singida, na kama kaburi la yule daktari lipo. Nimemwahidi kwamba likizo ijayo, Mungu akipenda na nauli ikipatikana, tutakwenda wote wawili. Tumwombee, naye atuombee.