Frank Weston, Mwanglikana Aliyeipigania Ekaristi

Leo siwaletei mtakatifu wetu. Nawaletea Mwanglikana, Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu 1908. Msishtuke, someni kwanza.

Alizaliwa London mwaka 1871, akasoma teolojia Oxford, na mwaka 1898 akaja Zanzibar na wamisionari wa UMCA. Hao walikuwa Waanglikana wenye Misa, uvumba na maungamo. Ungeingia kwao ungedhani uko parokiani. Wenzao wa CMS, waliokuwa Mombasa na Uganda, walifundisha kwamba Kristo anapokelewa moyoni kwa imani, mkate unabaki mkate. Kanisa moja hilo, na imani mbili mbele ya altare.

Mwaka 1913 mambo yakalipuka. Wamisionari wa madhehebu kadhaa walikutana Kikuyu, Kenya ya leo, kupanga ushirikiano. Mwishoni Askofu Mwanglikana wa Mombasa akaongoza Komunyo ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wasio Waanglikana nao wakapokea. Weston alipopata habari akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, akiwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Uzushi kabisa! Jibu la mwaka 1915 lilikuwa la huku na huku: hawakuhukumiwa, ila ibada ya namna ile ilionekana afadhali iepukwe.

Sasa, Papa Leo XIII alishatamka mwaka 1896 kwamba daraja takatifu za Waanglikana si halali. Hilo silikwepi, ndiyo imani yetu. Lakini kinachonigusa kwa Weston ni kwamba Ekaristi yake haikuishia altareni. Mwaka 1916, wakati wa vita, aliunda kikosi cha wapagazi wa Zanzibar na kukiongoza mwenyewe. Mwaka 1920 akatoa kijitabu kupinga Waafrika kulazimishwa kufanya kazi chini ya utawala wa Waingereza. Halafu 1923, kwenye kongamano kubwa London, akawaambia Waanglikana wenzake waliopigania tabernakulo kwamba hawawezi kumwabudu Yesu mle ndani huku wakimpita kwenye vibanda vya maskini. (Kongamano hilohilo lilimtumia Papa salamu, na makelele yakawa mengi.)

Hotuba ile hunijia nikiwa kwenye saa ya kuabudu, maana nje ya geti la kanisa letu kuna watu wanalala barazani.

Tofauti yenyewe haijafutika. Hapa Tanzania Waanglikana wa Zanzibar, Tanga na Masasi wamerithi Misa ya UMCA. Wa Dodoma wamerithi ibada ya kiinjili ya CMS, na wote ni Kanisa moja.

Weston alifariki Hegongo, Tanga, tarehe 2 Novemba 1924, siku tunayowaombea Marehemu Wote. Kwenye orodha yangu ya mwaka huu nimemwandika.