Marehemu Fundi Konde: Kutoka Klarineti ya Misheni hadi Gitaa la Umeme

Wengi wetu hapa Gisenyi tumezoea kudhani kwamba gitaa ni mali ya majirani zetu wa Kongo. Dhana hiyo si ajabu, maana mpaka wa Goma ni hatua chache tu. Lakini kwenye pwani ya Kenya alikuwako mtu aliyekishika chombo hicho mapema, naye alikuwa amevaa sare ya askari. Mtu huyo ni marehemu Fundi Konde.

Alizaliwa mwaka 1924 katika nchi ya Wagiriama, ambako ngoma na kayamba ndizo zilizotawala sherehe na misiba. Shule ya misheni ikamwonyesha vyombo vya namna nyingine, naye akajifunza klarineti. Chombo hicho humlazimisha mpigaji kuhesabu pumzi zake. Huenda ndipo alipopata ule utulivu unaosikika katika nyimbo zake zote, kwani Konde hakuwa mwimbaji wa kupiga kelele.

Vita Kuu ya Pili ilipowachukua vijana wa Afrika Mashariki, Konde naye aliingia keya, yaani King's African Rifles, akawekwa katika kikosi cha burudani kilichopelekwa Asia kuwatumbuiza askari. Msomaji asidhani kwamba hiyo ilikuwa kazi ya mchezo. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo nembo yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ilipigana katika bonde la Kabaw huko Burma, katika mvua, matope na malaria, hata ikaufikia mto Chindwin mwezi Desemba. Kamanda yeyote aliyepata kukaa na watu wake msituni anajua kwamba chakula na risasi peke yake havitoshi. Wimbo wa Kiswahili ulimkumbusha askari kwao, na pia uliwaunganisha watu wa makabila mengi waliokuwa hawana lugha nyingine ya pamoja.

Vita vilipokwisha, Konde alirudi na masikio mapya. Alikuwa amesikia dansi za Kizungu na midundo ya Amerika ya Kusini, na kuanzia mwaka 1947 tunamsikia katika santuri. Hapo gitaa likachukua nafasi ya mbele. Naye hutajwa kuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulipiga gitaa la umeme. Alipanga sauti zake kwa kufuata muziki wa dansi, akaingiza rumba, lakini maneno yakabaki Kiswahili cha pwani, laini na chenye mafumbo. "Tausi" ni wimbo wa mapenzi. "Majengo Siendi Tena" ni wa mtu aliyekwisha kuapa. Kwa maoni yetu, ustadi wake mkubwa ulikuwa hapo: alibadili vyombo mara kadhaa pasipo kuibadili sauti yake mwenyewe.

Katika kazi hiyo alikuwa pamoja na Peter Colmore, Mwingereza aliyepata kuwa naye jeshini. Colmore huyo huyo ndiye aliyemleta Nairobi Edouard Masengo kutoka Katanga, katika miaka ya 1950. Basi lile gitaa la Kongo tunalolisifu hapa mpakani lilipofika Nairobi, lilimkuta mwenyeji wake.

Lakini desturi ya studio za zama zile ilikuwa kumlipa mwimbaji mara moja, kisha santuri ikaenda zake sokoni. Katika miaka ya 1960 vijana wenye midundo mipya walishika majukwaa, na jina la Konde likafifia kwa karibu miaka 30, ingawa nyimbo zake ziliendelea kuimbwa na watu wasiomjua mtunzi. Mwaka 1994 zile za miaka ya 1947 hadi 1956 zilikusanywa na kutolewa upya huko Ulaya. Konde alikuwa angali hai, akarudi kushika gitaa mbele ya watu. Alifariki mwaka 2000.