Allidina Visram: Sonko Aliyekuwa Benki Kabla Benki Hazijafika

Leo ukiwa hapo Kiogoro na unataka kutumia buda yako doo Mombasa, hiyo si stori. Unatuma kwa simu, na kabla hujafika steji mzae ashatoa. Sasa ondoa simu. Ondoa benki. Ondoa hata lami. Ungefanya nini? Miaka mia moja na ushee iliyopita, kuna msee alikuwa na jibu, na hilo jibu lilimfanya awe sonko wa Afrika Mashariki.

Anaitwa Allidina Visram. Alizaliwa 1851 huko Kutch, India. 1863, akiwa mtoi wa miaka 12, alivuka bahari akatua pwani ya huku. Akashika kazi Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, tajiri aliyefadhili misafara ya kwenda bara kutafuta pembe za ndovu. Na tusipambe mambo: hiyo mizigo ilibebwa na wapagazi mabegani, miezi kwa miezi. Ganji ya enzi hizo ilikuwa na jasho la watu ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Sewa Haji alipofariki 1897, Allidina alikuwa ashaiva. Reli ilikuwa imeanza Mombasa mwaka mmoja kabla, na ilifika Kisumu 1901. Jamaa akaifuata reli na maduka yake, halafu akaipita. Matawi yakazidi 30: Kenya, Uganda, mpaka Kongo na Sudan.

Sasa cheki ujanja wake. Kule bara benki zilikuwa bado, lakini duka lake lilikuwa karibu kila mahali. Kwa hivyo duka likawa ndiyo benki. Msafiri au afisa wa serikali akitaka rupia, anaenda kwa Allidina. Muhindi mgeni akitaka kufungua kiduka kijijini, anapewa bidhaa kwa mkopo, analipa akiuza. Mkulima akiwa na simsim, njugu au pamba, anapata soko. Bila kuaminika hiyo kazi haiendi hata wiki moja. Wasee wakaanza kumwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Na hakukalia pesa. Yeye alikuwa Muislamu wa Ismailia, lakini alichangia ujenzi wa kanisa kuu la Namirembe, Kampala. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, akachangia Msalaba Mwekundu.

1916, akiwa kwa safari ya biashara upande wa Kongo, homa ikamshika. Akafa na miaka 65.

Hapa ndipo stori inauma. Mwanawe Abdulrasul alirithi kila kitu, akaamua kujenga shule Mombasa kwa jina la mzae. Ikafunguliwa 1923. Mwaka huohuo, Abdulrasul naye akafariki. Baada ya hapo ile himaya ikaporomoka. Maduka, mashamba, viwanda vya pamba, vyote vikaenda miaka michache tu. Kampuni iliyokopesha nusu ya Afrika Mashariki ilishindwa kusimama bila wenyewe wawili.

Leo ukitafuta duka la Allidina Visram, hutapata hata moja. Lakini Allidina Visram High School bado iko kisiwani Mombasa, na kila mwaka inatoa watoi wa kila kabila na kila dini. Wengi wao wanavaa hilo jina kwa sweta bila kujua mwenyewe alikuwa nani.

Wewe uliye na kibanda, boda au duka la simu, hebu jiulize: ukiondoka leo, kuna mtu anajua nani unamdai na nani anakudai? Na ukishatoka kabisa, ni kipi kitabaki ambacho wadai hawawezi kuuza?