Penfield: Daktari aliyechora ramani ya ubongo

WENGI humkumbuka Dkt Wilder Penfield kama bingwa wa upasuaji wa ubongo, lakini wazazi wa watoto wenye kifafa wana sababu ya ziada ya kulienzi jina lake.

Alizaliwa Januari 1891 mjini Spokane, Marekani, akasomea Princeton kisha Oxford, Uingereza. Mnamo 1916 meli aliyoabiri ilishambuliwa na Wajerumani, akanusurika na majeraha.

Mwaka wa 1928 alihamia Montreal, Canada. Mwaka huo huo alilazimika kumpasua dadake, Ruth, aliyesumbuliwa na kifafa kilichotokana na uvimbe ubongoni. Hakufaulu kuuondoa wote, na miaka michache baadaye Ruth akafariki. Penfield hakukata tamaa. 1934 alifungua Taasisi ya Neva ya Montreal kwa ufadhili wa wakfu wa Rockefeller.

Mgonjwa wake alidungwa ganzi kichwani tu, akabaki macho. Penfield aliugusa ubongo, ambao wenyewe hauhisi maumivu, kwa umeme hafifu. Kidole kikicheza, alipatia alama mahali hapo, akajua si pa kukatwa ovyo. Ramani aliyoichapisha 1937 pamoja na Edwin Boldrey ilidhihirisha kuwa mkono na mdomo vimetengewa eneo kubwa kuliko kiwiliwili kizima.

Kuhusu watoto, alishikilia kwamba ubongo mchanga hubadilika kwa wepesi, hata usemi ukaweza kuhamia upande wa pili. Viungo ni vikaidi zaidi. Mrithi wake, Theodore Rasmussen, aliboresha katika miaka ya 1970 upasuaji wa kuitenganisha nusu ya ubongo inayozua kifafa. Baada yake, upande wa mwili ulio mkabala hulegea. Kwa mazoezi, watoto wengi hutembea tena, kwa sababu nusu iliyosalia husaidia kuongoza nyonga na bega. Taabu ni vidole: kufunga kifungo cha shati kwa mkono ule aghalabu hakurudi. Aliyeumia ubongo tangu tumboni hupoteza kidogo, maana mwili wake ulikwisha kujipanga upya. Kwa wengine, mzazi hana budi kupima mkono mmoja dhidi ya kifafa kisichosikia dawa, na si uamuzi wa kuharakishwa.

Penfield alistaafu 1960. Alifariki Montreal mnamo Aprili 5, 1976, akiwa na umri wa miaka 85.