Marehemu Benedicto Kiwanuka: Askari Aliyekuja Kuwa Jaji Mkuu

Katika kambi za Arua na Koboko, Idi Amin, ambaye baba yake alitoka Koboko, hutajwa mara nyingi kuliko Benedicto Kiwanuka. Lakini Marehemu Kiwanuka naye alivaa sare. Alizaliwa Buddu mwaka 1922, akajiunga na jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akasomea sheria London. Aliongoza serikali kabla ya uhuru, 1961 hadi 1962. Obote alimweka kizuizini mwaka 1969. Amin akamfungua, akamfanya Jaji Mkuu mwaka 1971.

Septemba 1972 aliletewa maombi ya Mwingereza, Daniel Stewart, aliyeshikwa na wanajeshi. Kiwanuka hakuona sheria iliyowaruhusu kumshika, akaamuru aachiliwe. Na huyo alikuwa mgeni, tena siku zile Waasia walipokuwa wakifukuzwa nchini! Tarehe 21 mwezi huo huo wenye silaha walimtoa Jaji Mkuu katika Mahakama Kuu, Kampala. Mwili wake haukupatikana.

Haki ya aliyeshikwa kuletwa mbele ya jaji imo katika katiba ya Marekani. Katiba ya Uganda ya 1995 inakataza kuiondoa kwa hali yoyote, na mtuhumiwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 48.