Jemadari wa Abercorn na Haki ya Waliosalimu Amri

Ndugu Waislamu, katika sira za waliopita mna mazingatio, wawe wa dini yetu au wasiwe.

Paul von Lettow-Vorbeck alizaliwa Saarlouis, Ujerumani, mwaka 1870. Tangu 1914 aliongoza vita vya Wajerumani Afrika Mashariki, na wengi wa askari wake walikuwa Waafrika. Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimamishwa Ulaya, alisalimu amri kwa Waingereza huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia.

Maofisa wa Kijerumani waliachiwa silaha zao kwa heshima, wakakirimiwa na Wabelgiji Kigoma, na mwaka 1919 wakarejeshwa kwao. Ama askari, zaidi ya 1,100, walinyang'anywa bunduki na kuzuiliwa kambini Tabora, hali ya kuwa wanadai ujira wao. Baadhi yao wakafa kwa homa ya mafua. Jemadari alipinga, hakusikilizwa.

Alifariki Hamburg mwaka 1964. Mwaka huo huo bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wazee waliosalia.

Basi tuzingatie: amani apewayo aliyeweka silaha ni ahadi, na ahadi haibagui mkubwa na mdogo. Wala kushindwa vita hakumwondolei mtu deni la ujira.