Jenerali China: mpiganaji aliyekubali kuzungumza na serikali

Mwaka jana nilikwenda Embu kwa nikaha ya mpwa wangu. Sisi watu wa Pwani tukilisikia jina la Embu, fikra zetu hukimbilia muguka, na ugomvi wake sina haja ya kuuchokonoa leo. Lakini gari lilipokata Makutano na kuingia Mwea, nikaona mashamba ya mpunga yameenea hadi macho yanachoka. Mzee wa makamo aliyeketi kando yangu akaniambia kuwa mifereji ile ya mwanzo ilichimbwa na mahabusu wa Mau Mau, wakati Mwea ingali ndani ya wilaya ya Embu. Wallahi nilinyamaza. Pishori tunayopikia pilau kila Ijumaa, kumbe ina jasho la wafungwa ndani yake.

Pale Embu mjini ipo skuli yenye jina la Kubu Kubu, jenerali wa Mau Mau wa upande ule wa mlima. Usiku ule baada ya karamu nilikaa na wazee kibarazani, na mazungumzo yakaturudisha kwa yule aliyekuwa mkubwa wa wapiganaji wa Mlima Kenya: Waruhiu Itote, maarufu Jenerali China. Nimerudi nyumbani nikamsoma zaidi, na leo nataka nikusimulieni habari zake, kwa sababu nitakayoitaja mwishoni.

Alizaliwa 1922 huko Nyeri. Mwaka 1942 akajiunga na jeshi la King's African Rifles, lile ambalo wazee wetu walikuwa wakiliita Keya, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani kwa niaba ya Mwingereza. Huko ndiko macho yalikomfunguka. Alikutana na askari wa mataifa mengine, akiwemo Mmarekani mweusi aliyemsimulia jinsi watumwa wa Haiti walivyojikomboa. Akarudi Kenya na ujuzi wa bunduki na swali moja kichwani: kama niliweza kufa kwa ajili ya uhuru wa wengine, wangu u wapi?

Akafanya kazi kwenye reli, akaingia katika siasa za chama cha KAU, akala kiapo. Agosti 1952 akapanda msituni Mlima Kenya, miezi miwili kabla serikali haijatangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba. Wakati Dedan Kimathi anasimamia Nyandarua, China ndiye aliyeshika mlima, na mlima ule una Nyeri upande mmoja, Embu na Meru pande nyingine. Aliwapanga watu wake kijeshi kama alivyofunzwa Burma: vyeo, barua, walinzi, akiba ya chakula.

Tarehe 15 Januari 1954 akajeruhiwa kwa risasi shingoni na kukamatwa. Aliyemhoji ni Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyekulia Kenya na kukisema Kikuyu kama mwenyeji. Mahojiano yale yalichukua saa 68. Kwa wasiomjua Henderson, ni yule yule aliyefukuzwa Kenya baada ya uhuru akaenda Bahrain, na kuanzia 1966 akawa mkuu wa usalama wa dola huko kwa miaka mingi. Ndugu zetu wa Ghuba wanalikumbuka jina hilo, na si kwa wema.

Mwezi wa Februari China akahukumiwa kunyongwa. Hapo ndipo serikali ilipomjia na rai: awaandikie wenzake msituni waje wazungumze namna ya kuweka silaha chini, naye asinyongwe. Akakubali.

Msomaji wangu, usiharakishe kumhukumu. Ni kweli shingo yake ilikuwa kitanzini. Lakini pia aliona vijana wanakwisha, vijiji vinachomwa, na watu wa kawaida wanabanwa na pande mbili. Barua zikatoka, wapiganaji wakajibu, na mwishoni mwa Machi wakubwa kadhaa wa msituni, miongoni mwao Jenerali Tanganyika na Jenerali Kaleba, wakakaa na watu wa serikali mjini Nyeri. Kwa siku chache ilionekana vita huenda vikaisha kwa maneno.

Kisha tarehe 7 Aprili jeshi likakabiliana na kundi la wapiganaji, wakauawa watu 25. Waliokuwa wakijiandaa kutoka wakaona wametegwa, wakarudi msituni. Mazungumzo yakafa. Tarehe 24 Aprili serikali ikaizingira Nairobi, ikakamata makumi ya maelfu ya watu na kuwajaza kambini. Kambi hizo zilifika hadi kwetu: Manda, kule Lamu, na Hola, ambako tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa. Pwani nayo ina sehemu yake katika habari hii, ingawa mara nyingi tunaisoma kama ya watu wa bara peke yao.

China hakunyongwa. Alipelekwa Lokitaung, jangwani Turkana, akafungwa pamoja na Jomo Kenyatta, na Kenyatta akamfunza Kiingereza. Aliachiwa 1962, akapata mafunzo ya kijeshi Israel, na Huduma ya Vijana kwa Taifa ilipoanzishwa 1964 akawa mmoja wa wakubwa wake hadi alipostaafu miaka ya themanini. Aliandika kitabu cha maisha yake mwaka 1967. Akafariki 1993, mtumishi wa serikali mwenye heshima zake, huku chama alichokipigania kikiwa bado marufuku kisheria. Marufuku ile, iliyowekwa na mkoloni, iliondolewa 2003, miaka arubaini baada ya uhuru.

Sasa mtazame mwenzake wa Meru, Baimungi. Huyu hakukamatwa na Mwingereza. Alitoka msituni kwa hiari yake uhuru ulipopatikana, Desemba 1963, akaona ardhi aliyoipigania haiji, akarudi porini. Januari 1965 akauawa na vikosi vya usalama vya Kenya huru, chini ya bendera aliyoipigania. Walipigana mlima mmoja, mmoja akapewa ofisi, mwengine risasi.

Sababu ya kuandika haya ni mama mmoja mtaani kwetu. Mwanawe aliondoka miaka kadhaa nyuma, akavuka mpaka wa Somalia. Serikali ilipotangaza msamaha wa 2015 kwa vijana watakaorudi, mama huyu alinijia usiku, kwa kuwa mimi huandika magazetini, akataka nimwambie kama ahadi ile ni ya kweli. Sikuwa na jibu. Nilimtazama tu, na mpaka leo uso wake unanijia.

Simfananishi mtoto yule na Jenerali China. China alipigania ardhi yake, na walioua raia wasio na hatia hawana mfano wa kujipamba nao. Lakini ahadi ya dola ni ahadi, apewe nani apewe. Aprili 1954 mkono mmoja wa serikali uliwaita watu mezani na mwengine ukawafyatulia risasi, na vita vikaendelea kuua kwa miaka. Waliokufa baadaye wangeweza kuishi.

Dini yetu imetufunza kuwa mwenye kutimiza ahadi ndiye muumini. Serikali ikisema rudini, basi anayerudi ashtakiwe mahakamani kama ana kosa, afunzwe kazi kama hana, na asiokotwe kichakani asubuhi. Na sisi wazazi na maimamu tusingoje barua kutoka msituni ndipo tuzungumze na vijana wetu; tuzungumze nao wangali barazani.

Yule mama bado anangoja. Nikimwona huvuka barabara nikamwamkia, naye huniitikia kisha hunitazama kidogo, kama mtu anayeona deni ambalo halijalipwa.